Chati ya meno: nne na nane zisikuchanganye

Mwadila! Kwa wageni, hiyo ni salamu yetu ya Kisukuma ya mchana. Mkisikia honi huko nyuma ni kivuko cha Kamanga, na nahodha hawezi kunisubiri nimalize kurekodi, kwa hiyo vumilieni.

Leo ni chati ya meno, ile karatasi ya kuandikia hali ya kila jino la mgonjwa. Wadogo zangu mlioko kwenye mafunzo ya meno mmeniuliza sana, na mimi kazi hii naipenda kuliko kung'oa. Ndiyo, nimesema. Kung'oa ni nguvu na mkao, lakini chati ni akili. Ukiandika vibaya, hata fundi mwenye mikono ya dhahabu atang'oa jino zima na kuliacha lililooza.

Vifaa mnavijua: kioo cha kinywa, probu (kile kijiti cha chuma cha kuchunguzia), glavu, barakoa, gozi, taa. Nawa mikono. Twende.

Hii hapa ukutani ndiyo chati. Imegawanywa vyumba vinne. Chumba cha kwanza ni juu kulia, hapa, na… ngoja. Ngoja kidogo. Mbona maandishi yanasomeka kinyumenyume? Ah! Natumia kamera ya mbele, inageuza picha kama kioo. Yaani somo la kulia na kushoto, na mimi nawaonyesha kushoto! Nageuza simu. Kopo la kahawa nililoiegemezea limeteleza, samahani… haya, sasa mnaona.

Tunarudia. Chumba cha 1 ni juu kulia kwa mgonjwa. Cha 2 juu kushoto kwa mgonjwa. Cha 3 chini kushoto, cha 4 chini kulia. Unazunguka kama saa ukiwa umemtazama usoni. Kulia ni kwake, siyo kwako. Mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto, na chati imechorwa hivyo hivyo. Kulia ni kwake. Nitalisema tena kabla hatujamaliza.

Ndani ya kila chumba unahesabu kutoka katikati kwenda nyuma: 1 na 2 ni meno ya mbele, 3 ni chonge, 4 na 5 magego madogo, 6, 7 na 8 magego makubwa. Nane ndilo jino la mwisho, lile la utu uzima. Unaweka namba ya chumba mbele, ya jino nyuma. Gego kubwa la kwanza la juu kulia ni 16, na linatamkwa moja-sita. Siyo kumi na sita! Ukisema kumi na sita umeshalifanya hesabu ya dukani.

Na jambo moja: mkitazama video za Marekani, wenzetu kule wanahesabu 1 hadi 32 mfululizo, wakianzia jino la mwisho la juu kulia. Kwao 16 ni jino la mwisho la juu kushoto. Namba ile ile, jino jingine, tena upande mwingine wa kinywa. Mtindo wetu ni wa Shirikisho la Meno Duniani, unatumika tangu miaka ya 1970. Shikeni huo.

Sasa hapa ndipo nilipoungua mimi, naomba msikilize. Chati wanafanya watu wawili: mmoja anaangalia na kutamka, mwingine anaandika. Kiswahili chetu ni kitamu, lakini kina nne na kina nane. Vaa barakoa, washa feni, jenereta la jirani lingurume, halafu sema "tatu-nane". Nilikuwa mwanagenzi, sehemu siitaji. Daktari akasema tatu-nane, mimi nikaandika 34. Mgonjwa alikuwa mvuvi, amevuka kutoka visiwani na shavu limevimba kama embe. Akapewa rufaa kwa karatasi yangu. Kule alikopelekwa wakaangalia 34: zima, jeupe, halina hata doa. Wakamrudisha! Nauli yake, siku yake, maumivu yake, kwa sababu ya sauti moja tu ya "a".

Kwa hiyo kwangu sheria ni hii: anayeandika anarudia kwa sauti. "Tatu-nane." "Tatu-nane, la mwisho." Hilo "la mwisho" nimeliongeza mwenyewe, halimo kwenye kitabu chochote. Nne mimi naiita "nne, gego dogo". Mnaweza kunicheka, lakini rudieni kwa sauti.

Haya, mgonjwa wetu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka minane, mama yake ameridhia na yuko pale pembeni. Kaa vizuri, bwana mdogo. Fungua. Pana zaidi. Usinilambe kidole.

Watoto ndipo wengi mnapopotea. Meno ya utotoni ni 20, vyumba vyake ni 5, 6, 7 na 8, kwa mzunguko ule ule, na kila chumba kina meno matano. Umri huu kinywa kimechanganyika, kwa hiyo chati yake ina namba za aina mbili. Tuanze juu kulia kutoka katikati. 11, limeota. 12, limeota. Chonge hii je? Ndogo, nyeupe kama maziwa: 53. Halafu 54, 55. Na nyuma kabisa, hili kubwa la rangi ya manjano kidogo? 16! Limeota karibu na miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, wala hakuna jino lililong'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wanadhani ni la utoto, linaachwa lioze, "si litang'oka tu". Halitang'oka. Hilo ni lake hadi uzeeni.

Upande wa pili: 21, na 22 ndiyo kwanza linachungulia. Unaandika "linaota". Usiandike "halipo".

Chini kulia. 85 lina tundu. Sogeza taa, kiji… aah, kioo kimeingia ukungu. Kifute, au kipashe joto kidogo kwenye shavu lake kwa ndani, ukungu unaondoka. Sasa. Tundu liko wapi? Usiandike "limetoboka" tu. Kila jino lina pande tano. Unaotazama katikati ya kinywa, mesio. Unaotazama nyuma, distali. Wa shavuni, bukali. Wa ulimini, lingwali, na kwa meno ya juu ni palatali. Wa kutafunia, okluzali, ambao kwa meno ya mbele ni ule ukingo wa kukatia. Hapa weusi umeanzia kwenye okluzali ukashuka distali. Naandika 85, okluzali na distali. Na sasa tumia akili: distali ya 85 imegusana na nini? Mesio ya 46, lile la kudumu. Kausha kwa gozi, angalia kwa makini. Taratibu na probu, usichokonoe, ukichokonoa weusi laini unaweza kuvunja kigamba ambacho bado kingejirekebisha. 46 liko salama. Sawa, bwana mdogo, pumzika ule karanga. Hapana, usile karanga, bado tunaendelea.

Kwa watu wazima kuna mtego mwingine, na huu unawapata hata wakongwe. Nimeleta taya la plasta. Tazama chini kushoto: 34, 35, halafu gego moja kubwa, halafu basi. Hilo kubwa ni namba ngapi? Mwanafunzi atasema 36, maana limekaa pale pa 36. Siyo lazima! 36 likitolewa utotoni, 37 husogea mbele na kulala kidogo. Angalia umbo: 36 mara nyingi lina vilele vitano, 37 vinne. Angalia kama limeinama. Angalia meno ya juu linakutana na lipi. Na muulize mwenyewe: "Mzee, huku uliwahi kung'olewa jino?" Atakuambia, tena na mwaka ambao ziwa lilifurika. Hapa ni 37, na 36 unalichora msalaba.

Na kitu cha kwetu: ukikuta mtoto hana chonge 73 wala 83, na hakuna dalili ya kuoza, usikimbilie kuandika "halikuota". Uliza kwa upole kama aliwahi kutolewa "meno ya nailoni" akiwa mchanga. Ufizi ule hutobolewa kwa imani kwamba ndio unaoleta homa na kuhara, na chonge ya kudumu iliyoko chini yake, 33 au 43, inaweza kuota ikiwa na kovu au isiote kabisa. Andika ulichoona na ulichoambiwa, usimkaripie mama. Mama aliyekaripiwa harudi.

Fizi kwa haraka: probu unaiingiza taratibu kati ya jino na fizi, kupima kina cha mfuko ulio hapo. Probu ya WHO ncha yake ina kitufe cha nusu milimita, na ukanda mweusi kati ya milimita 3.5 na 5.5. Ukanda ukionekana wote, hakuna mfuko wa kutisha. Ukizama nusu, mfuko ni milimita 4 hadi 5. Ukizama wote, ni 6 na kuendelea, mgonjwa huyo ana kazi. Ukoga unaandikwa hapohapo, pamoja na damu ukiiona. Rangi za kalamu fuateni za kituo chenu. Mimi nyekundu ni kazi ambayo bado, bluu ni iliyokwisha.

Tarehe. Sahihi. Na kulia ni kwa mgonjwa, nilisema nitarudia.

Karatasi hizi za chati nimezichapisha mwenyewe, upande mmoja wakubwa, upande wa pili watoto, kitita cha hamsini. Atakayetaka aandike "chati" hapo chini, naweza kutuma kwa basi hadi Geita au Bukoba.

Unasemaje, bwana mdogo?

"Shangazi, mimi la nane ninalo?"

Huna bado, mwanangu. Litakuja ukiota ndevu, au lisije kabisa. Mmemsikia? Na kwenye chati yake pale pa 18 sijachora msalaba, maana msalaba ni wa lililotolewa. Hili halijaota tu. Haya, sasa kula karanga zako, halafu upige mswaki.