Mrija wa nyongo ukivuja baada ya upasuaji: fungua lango la chini kwanza

Kamwene kwa waliotoka Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe, na shikamooni wazee wangu. Nimeambiwa humu kuna matabibu, wauguzi, na watu waliokwisha kutolewa mfuko wa nyongo. Basi nitasema lugha ya jikoni; matabibu mtanivumilia.

Kila aliyewahi kuchinja kuku anaijua adabu ya nyongo. Unaitenga na ini taratibu, kwa ncha ya kisu, maana ikipasuka ini lote chungu. Daktari wa upasuaji anafanya kazi hiyohiyo, ila kuku wake yu hai na anategemea kuamka.

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Inateremka kwenye mrija mkuu mmoja, upana wake kama milimita 6, kisha inamiminika kwenye utumbo mwembamba kupitia kilango chenye msuli wa kufunga na kufungua. Mfuko wenyewe ni ghala la pembeni tu. Bila ghala utaishi. Bila mrija huishi.

Carl Langenbuch alitoa mfuko huo kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, kwa kupasua tumbo. Mwaka 1985 Erich Mühe, naye Mjerumani, akautoa kwa matundu madogo. Matundu yamewarudisha watu nyumbani mapema, sipingi. Lakini makadirio mengi yanasema katika kila wagonjwa 1,000 wa matundu, kama 3 hadi 5 huumizwa mrija. Mara nyingi kinachovuja ni kisiki cha kimrija kilichounganisha mfuko na mrija mkuu: klipu, yaani kibanio kilichokiziba, imelegea, au kisiki kimeoza kidogo.

Utajuaje? Aliyepasuliwa vizuri, kila siku maumivu yanapungua. Huyu anayevuja, siku ya tatu, ya nne, yanazidi. Tumbo linajaa, homa inapanda, hana hamu hata ya uji. Kukiwa na mpira wa kutolea uchafu, unatoa maji ya kijani au ya njano. Tafadhali, ndugu zangu wa zahanati, msimpe dawa ya gesi mkamrudisha nyumbani. Mpeni rufaa, apigwe ultrasaundi.

Zamani jibu lilikuwa moja: rudi ukafungue tumbo. Nyama iliyolowa nyongo imevimba na ni laini. Unashona leo, kesho uzi umeikata. Sasa wafikirieni wakulima wa mpunga kule Mbarali. Tuta la mfereji likibomoka, mwenye akili hakimbilii kurundika matope huku maji yanasukuma. Anakwenda chini kufungua lango. Maji yakipata njia rahisi yanaacha kusukuma tuta, na ufa unazibika bila vita.

Lango letu ni kile kilango cha utumbo. Mgonjwa analazwa usingizi, mpira wenye kamera unapita mdomoni, tumboni, hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Unaingizwa waya mwembamba kwenye kilango, dawa ya rangi inapulizwa, na kwenye eksirei tunaona inapovujia. Kisha tunakata kidogo ule msuli, au tunaacha stenti, yaani kamrija ka plastiki ka kama milimita 3, au tunafanya yote mawili. Nyongo inateremka utumboni na tundu linajifunga lenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6. Wala si mambo ya jana: kilango hicho kilifikiwa kwa kamera Marekani mwaka 1968, na kukata msuli wake kulianza Ujerumani na Japani mwaka 1974.

Stenti lakini haifagii kilichokwisha kumwagika. Nyongo iliyotuama tumboni lazima itolewe kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi, ultrasaundi ikiongoza. Nimeona watu wakisahau hili, wakashangaa homa haishuki.

Na kazi yenyewe ya kamera ya mdomoni ina madhara. Kongosho, jirani wa mlango mmoja, laweza kukasirika na kuvimba. Ndiyo maana wengi huwekewa kidonge cha diklofenaki au indomethasini, dawa za kupunguza uvimbe, njia ya haja kubwa. Kutoka damu na kutoboka utumbo pia hutokea, kwa nadra.

Tatizo la pili huja kimyakimya. Mrija ulioumia unapona kwa kovu, kovu linabana. Miezi inapita, au miaka, mtu anaanza kuwashwa mwili, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe, homa na kutetemeka. Huku kwetu atatibiwa malaria mara tatu kabla mtu hajamuuliza kama amewahi kupasuliwa. Kovu hilo nalo hutanuliwa kwa njia ya mdomoni: puto kwanza, halafu stenti mbili tatu zikiwa ubavu kwa ubavu, zikibadilishwa kila miezi 3 kwa karibu mwaka mzima.

Mrija uliokatika kabisa ni habari nyingine. Waya haupiti, na hapo kamera ya mdomoni peke yake haitoshi. Mgonjwa hutolewa nyongo kwa sindano inayopita ngozini na kwenye ini, hali itulie, halafu aliyeizoea kazi hiyo aunganishe utumbo na mrija. Asijaribu daktari wa zamu saa nane usiku kwa sababu ameona aibu kupiga simu.

Ila kinachoniuma zaidi ni stenti iliyosahauliwa. Ya plastiki huziba baada ya miezi michache. Tarehe ya kurudi inaangukia mavuno ya mahindi, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, nauli ya watu wawili, na mgonjwa mwenyewe anajisikia mzima. Anarudi akiwa na usaha kwenye mrija. Wauguzi, andikeni tarehe hiyo kwenye simu ya mgonjwa na ya mwanaye kabla hajatoka wodini.

Naona mama pale ameinua mkono. Anauliza kama aliyetolewa mfuko aache parachichi. Hapana mama, usiache. Anza na kipande, uone tumbo linasemaje.