Usiseme Tu "Ina Virusi"

Assalamu alaykum, karibuni tena dukani. Sauti ya jenereta mtanisamehe, umeme umekatika hapa Chake Chake, Pemba, na mtaa mzima unanguruma. Hii mnayoiona mezani ni flashi ya mwalimu mmoja wa skuli ya jirani. Kaja nayo asubuhi kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota konokono. "Dada, ina virusi." Nikamuuliza, virusi gani, mwalimu? Akanitazama kama nimemuuliza nzi anaitwa nani.

Basi video ya leo ni ya suali hilo. Simu ikila bando, tunasema virusi. Laptopu ikizima kwa joto, virusi. Mtu kapeleka pesa kwa tapeli kwa mkono wake, naye ati simu yake ilikuwa na virusi! Ukoo mzima huu unaitwa programu hasidi, yaani programu iliyotungwa kwa makusudi ikudhuru. Virusi ni watoto wa mke mmoja tu katika nyumba hiyo, na wengine kila mmoja anaingia kwa mlango wake. Ukijua kaingia kwa mlango gani, unajua pa kuanzia.

Twende kwenye flashi. Nachomeka, lakini sifungui kitu. Mkono wako ushikilie hapo hapo. Bofya kulia kwenye alama ya flashi, chagua "Scan with Microsoft Defender". Kwenye Windows 11 kama huioni, bonyeza kwanza "Show more options". Hii ni antivairasi, yaani programu ya kukamata programu hasidi, na imo ndani ya Windows tangu unaponunua mashine, huna haja ya kulipia kitu. Iache imalize.

Ikishamaliza, tazama skrini. Folda za mwalimu zote zina kijishale kidogo kwenye kona, na ukubwa wa kila moja ni KB 2. Lakini flashi yenyewe inasema imejaa zaidi ya GB 3. Maana yake kazi ya mwalimu haijafutika. Imefichwa, na hivi vijishale ni vya kukuchezea. Ukikibofya kinafanya mambo mawili: kinamwamsha mdudu, kisha kinakufungulia folda yako halisi usishtuke. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea naye mwezi mzima.

Sasa tuyatoe mafaili. Angalia flashi yako imepewa herufi gani. Yangu ni F. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia. Kwenye dirisha jeusi andika hivi, nafasi uziache kama unavyoziona:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Sitisha video hapa uinakili. Ile h inaondoa kufichwa, r inaondoa kufungwa usiandike, s ya mwanzo inaondoa alama ya kuwa faili la mfumo. Bonyeza Enter na usubiri, haitakuambia ahsante. Mstari mpya ukirudi, fungua flashi kwa kuiandika F: kule juu kwenye upau wa anwani, usibofye kijishale. Haya, hizi hapa: mitihani ya kidato cha pili, picha za harusi, na folda ya qaswida. Vijishale vyote futa. Nyaraka na picha hamishia kwenye kompyuta, kisha flashi ifomati, yaani isafishe kila kitu kilichomo. Lakini faili lenye mwisho wa .vbs, .js, .lnk au .exe ambalo hukuliweka wewe, usilihamishe hata kama jina lake linavutia.

Huyu sasa ni nani? Madukani tunamwita kirusi, na mimi pia nishazoea, ila wataalamu wengi watamweka kwenye minyoo. Kirusi ni kama kupe: hana maisha nje ya ng'ombe. Anajipachika ndani ya faili au programu ya mwenzake, faili likihama naye kahama, na haamki mpaka ulifungue. Mnyoo ni kiumbe kamili, anajinakili mwenyewe kutoka mashine hadi mashine. Tarehe 2 Novemba 1988 kijana wa Kimarekani Robert Morris aliachia mnyoo kwenye intaneti ya wakati ule, ukakadiriwa kuangusha kompyuta kama 6,000. Mtandao wenyewe ulikuwa na kama 60,000 tu. Kirusi cha mwanzo cha kompyuta hizi za aina ya PC, kilichoitwa Brain, kilitoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986, kikisafiri kwa disketi. Ndugu wawili waliokiandika waliweka ndani yake majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Mwizi kaacha kitambulisho mlangoni.

Na mimi nisijifanye mjuzi. Mwaka niliofungua duka hili nilikuwa nachomeka flashi ya kila mteja kwenye mashine moja, napriniti, nachomoa, nachomeka ya mwengine. Bila ya kukagua. Wiki ya kupeleka kazi za chuo, wanafunzi zaidi ya kumi walirudi na vijishale. Walidhani wamevitoa chuoni. Vilitoka kwangu. Tangu hapo nina mashine ya kupokelea flashi pekee, haina intaneti na haina kazi ya mtu ndani.

Mlango wa pili. Farasi wa Troja, wengi wanamwita trojani. Kisa ni cha Wagiriki: walitengeneza farasi wa mti, wenye mji wakamvuta ndani wenyewe kama zawadi, usiku wakatoka askari tumboni. Huyu havunji kufuli, unamfungulia. Hapa kwetu anakuja kwa njia mbili. Moja ni ile Office ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila ya kulipiwa. Mnapewa faili la kuamilisha, na maelezo yanasema "zima kwanza antivairasi". Jamani, mgeni anayetaka umfukuze mlinzi kabla hajaingia, unamtandikia jamvi? Ya pili ni WhatsApp za mtaani zenye rangi nyingi. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya antivairasi, waliikuta trojani iitwayo Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya WhatsApp hizo zisizo rasmi. Hatua yako: kwenye simu ingia Settings, tafuta "Install unknown apps", na kila programu iliyoruhusiwa hapo, zima. Kama umeweka moja ya hizo WhatsApp, iondoe, chukua ile ya Play Store.

Kuna kinga nyengine ndogo ambayo watu hawaijui. Fungua File Explorer, bonyeza "View", kisha "Show", kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Mei 2000 barua pepe ilizunguka dunia ikisema "nakupenda", na kiambatanisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilificha ile .vbs ya mwisho, watu wakaona .TXT, wakadhani barua ya mapenzi. Ulikuwa mnyoo, ukajituma kwa kila aliyekuwemo kwenye kitabu cha anwani. Aliyeuandika, kijana wa Ufilipino, hakuhukumiwa kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria ya jambo hilo. Hapa usijaribu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika bara na Zanzibar.

Hawa wengine nawapita haraka. Spaiwea ni jasusi: anakaa kimya, anaangalia, anapeleka habari. Mmoja wao anaandika kila herufi unayoibonyeza, pamoja na pasiwedi. Adiwea ni wa matangazo, anakera zaidi kuliko anavyoua. Mara nyingi ukiondoa programu uliyoiweka juzi, kaondoka nayo. Botineti ni kundi la mashine zilizotekwa zikafanyishwa kazi na mtu wa mbali, mwenyewe huna habari. Nikimweleza mteja hili hucheka, anasema "kumbe hata Wazungu wana mambo ya Pemba." Sina jibu.

Anayeniliza mimi ni ransomuwea. Huyu ni mteka nyara. Anayafunga mafaili yako kwa funguo asiyokuwa nayo mwengine, kisha anakuandikia kiasi cha kikombozi. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilipita nchi zipatazo 150, ikafunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, ikidai dola 300 kwa bitikoini, pesa ya kidijitali. Ilipita kwenye tundu la Windows, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuliziba, tangu Machi. Miezi miwili watu walikuwa wanabonyeza "nikumbushe baadaye".

Ukiona ujumbe wa namna hiyo, fuata mpangilio huu. Mwanzo kabisa, chomoa kebo ya intaneti na uzime Wi-Fi, ili isihamie mashine nyengine za ofisi. Pili, chomoa flashi na hata diski ya nje. Tatu, piga picha skrini kwa simu. Usifute kitu, usifomati kwa hasira. Nne, kwa kompyuta nyengine safi ingia tovuti ya No More Ransom. Ipo tangu 2016, Europol, shirika la polisi la Ulaya, ni miongoni mwa walioianzisha, na inatoa funguo za bure kwa aina zilizokwishavunjwa. Si zote, lakini tazama kabla ya kufikiria kulipa. Ukilipa unamwamini nani, mtekaji? Dawa yenyewe ni kuwa na nakala kwenye diski unayoichomeka wakati wa kunakili tu, kisha unaiweka kabatini. Nakala inayolala ndani ya mashine hiyo hiyo itafungwa pamoja na mwenye nyumba.

Namalizia na asiyekuwa programu kabisa, na ndiye anayetukumba zaidi: fishingi. Jina limetoka kwenye uvuvi, na mvuvi wa Wesha haina haja kumfafanulia. Chambo, ndoano, na samaki anayeimeza mwenyewe. "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Nani hajaipata? Haina kirusi ndani, ni maneno matupu, inategemea siku hiyo uwe kweli unasubiri kumtumia mtu pesa. Antivairasi haitakusaidia. Mpigie mwenyewe kwa namba uliyonayo siku zote, na ile namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana usije ukawa na laini usiyoijua.

Chambo chengine ni kile cha WhatsApp. Unapata meseji kutoka kwa rafiki yako, "nimekosea nimekutumia namba za tarakimu sita, nirejeshee." Rafiki keshatekwa, na hizo tarakimu ndizo funguo za akaunti yako. Fanya sasa hivi, nakusubiri: WhatsApp, Settings, Account, "Two-step verification", weka namba yako ya siri ya tarakimu sita na barua pepe ya kuirejeshea. Usiweke tarehe ya kuzaliwa. Kisha rudi nyuma, fungua "Linked devices". Ukikuta kompyuta usiyoijua, igonge, bonyeza "Log out". Bibi mmoja wa Wete tulimkutia tatu. Moja ilikuwa ya mjukuu wake, mbili mpaka leo hatuzijui, na yeye alikuwa na hasira zaidi na mjukuu.

Subiri kidogo. Eeh, karibu mwalimu! Flashi tayari, mitihani yako yote imo. Ila kabla hujaondoka, ile kompyuta ya ofisini mnayopriniti wote, nani mwenye ufunguo? Maana nikikupa hii safi leo, kesho asubuhi utanirejea nayo vile vile. Nachukua mkoba wangu. Watazamaji, nazima kamera, naenda skuli.