Kura Tano za Springfield

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nataka tukae zaidi na siku moja tu: tarehe 8 Februari 1855, mjini Springfield, jimbo la Illinois, Marekani.

Enzi hizo Mmarekani hakumpigia kura seneta. Katiba yao ya 1787 iliwapa kazi hiyo wabunge wa majimbo. Ulimchagua mbunge wako, naye akaenda kukuchagulia seneta wa miaka sita.

Sasa msikilizeni Abraham Lincoln yaliyomkuta siku hiyo, alipogombea useneta mbele ya wabunge wa Illinois. Raundi ya kwanza aliongoza kwa kura zaidi ya 40, zikabaki chache tu ashinde. Lyman Trumbull, Mdemokrati, alipata 5. Tano! Waliompa ni Wademokrati waliopinga utumwa usienee magharibi, sawa na Lincoln mwenyewe. Ila Lincoln alikuwa mtu wa chama cha Whig, mahasimu wao wa miaka mingi, na mikono yao ikakataa. Raundi zikafuatana. Kufikia ya tisa, gavana Joel Matteson, asiyekuwa upande wao, alikaribia kabisa ushindi, na Lincoln amebakiwa na kura 15. Hapo akawaambia watu wake: nendeni kwa Trumbull. Raundi ya kumi Trumbull akapata 51, akashinda.

Mimi namheshimu Lincoln kwa jioni ile kuliko kwa siku nyingi alizoshinda. Lakini mkulima wa Illinois aliulizwa lini?

Mwaka 1858 Lincoln alirudi, safari hii na chama cha Republican, akapambana na seneta Stephen Douglas, Mdemokrati, katika midahalo saba mbele ya maelfu ya watu. Wagombea ubunge wa Republican walipata kura nyingi kuliko wale wa Douglas. Mipaka ya maeneo ya uchaguzi, iliyochorwa kwa sensa ya 1850, ikawanyima wingi wa viti. Bungeni, Januari 1859: Douglas 54, Lincoln 46.

Nisiwe dhalimu: kwa utaratibu huohuo, mwaka 1870, bunge la Mississippi lililokuwa na wajumbe weusi lilimpeleka Hiram Revels, Mweusi wa kwanza katika Seneti. Hilo silisahau.

Ila mikwamo ilizidi. Delaware ilikosa maseneta wote wawili tangu 1901 hadi 1903, kwa sababu wabunge wake hawakukubaliana. Katiba ikarekebishwa 1913. Mwaka uliofuata wananchi wa Illinois wakampigia seneta wao kura wenyewe. Lincoln alikuwa kaburini, palepale Springfield, mwaka wa 49.