Doa Jeusi Katika Picha ya Goti

Ndugu walimu, na ninyi wanafunzi wa radiografia mliokuja hapa Mbarara, Uganda, kutoka mbali, asanteni kwa kufika.

Picha ya goti iliyopigwa kwa MRI, mashine inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, yenye sumaku ya tesla 7 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inapendeza sana. Gegedu unaliona kwa undani wa ajabu. Shida ni kwamba upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, hata ukadhani ni ugonjwa. Ugonjwa hakuna. Ni mawimbi ya redio ambayo mashine huyarusha mwilini.

Masafa ya mawimbi haya hupanda kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu. Kwa tesla 1.5 ni megahezi 64 hivi, kwa tesla 7 yanakaribia 300. Masafa yakipanda, wimbi linafupika. Ndani ya misuli linabaki na sentimita 12 au 13, karibu sawa na upana wa goti lenyewe! Basi mawimbi yanakutana mle ndani: pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanauana, na protoni za hapo, yaani viini vya hidrojeni vinavyotupa picha, hazipinduki inavyotakiwa.

Wapo wanaokimbilia kusawazisha mwangaza kwa kompyuta. Mimi siridhiki. Protoni zisipopinduka vya kutosha, tofauti kati ya tishu na tishu imekwisha kuharibika, na ukiongeza mwangaza unaongeza na chenga. Tiba ianzie kwenye wimbi.

Koili, yaani antena inayozunguka goti, yenye njia kadhaa za kurushia husaidia, kila njia ikipangiwa nguvu na awamu yake (wakati wimbi linapopanda na kushuka). Lakini ni ghali, na lazima uchunge joto linaloingia mwilini. Mimi napenda pedi: mfuko mwembamba wa unga wa titaneti ya kalsiamu uliokorogwa na maji mazito, yale ya deuteriamu (hidrojeni nzito), ili pedi yenyewe isionekane pichani. Ukiuweka kando ya goti, unaongeza nguvu ya redio pale ilipopungua.

Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walioshughulikia sana pedi hizi, ndio walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kuunda hapa hapa, mwaka 2022, mashine ya MRI ya takribani tesla 0.05. Kwa nguvu hiyo wimbi ni refu mno, halileti doa; kinachosumbua ni sumaku kutolingana kila mahali, nayo hurekebishwa kwa vipande vidogo vya sumaku. Chanzo ni kingine, lakini kazi ni ile ile: pima uga, yaani nguvu ya sumaku au ya redio ilivyoenea, tafuta ulipopotoka, urekebishe kabla hujapiga picha.