Makato Yasiyotarajiwa Katika Malipo ya Kadi: Mhadhara kwa Wenye Biashara za Utalii

Ndugu wenye kampuni za safari na nyumba za wageni,

Nimeombwa nizungumzie makato ambayo wengi wenu mnakutana nayo kwenye taarifa za akaunti baada ya kuanza kupokea malipo ya kadi mtandaoni. Kila anayefungua akaunti ya namna hii huuliza kwanza anakatwa asilimia ngapi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwa kuwa asilimia inayotajwa kwenye tangazo inahusu malipo yaliyokwenda salama tu. Makato yanayoumiza yamefungwa kwenye matukio: mgeni akighairi, akiyapinga malipo, akilipa kwa sarafu nyingine, au wewe mwenyewe ukitaka kuhama kabla mkataba haujaisha. Aghalabu yote hayo yameandikwa kwenye jedwali la ada, kwa hiyo ni upande mmoja tu ambao haukuyatarajia.

Mgeni aliyeko Munich anapolipa amana kwenye tovuti ya kampuni ya Arusha, fedha hiyo hupitia kwa benki iliyompa kadi, mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, benki inayokupokelea wewe, na mara nyingi kampuni ya lango la malipo, yaani inayounganisha tovuti yako na benki. Kila mmoja huchukua chake, na fungu kubwa kwa kawaida huiendea benki iliyotoa kadi. Baadhi yenu mmesoma kwamba mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa fungu hilo, asilimia 0.2 kwa kadi zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, mkashangaa kuona kadi hizo hizo zinawagharimu mara nyingi zaidi. Sheria ile inahusu malipo ambayo benki ya mlipaji na benki ya mpokeaji zote zimo ndani ya Umoja huo. Benki yako ikiwa Tanzania, ukomo huo haukufikii. Tena kadi ni ya nje na haikuonekana kwa macho, mambo mawili yanayopandisha bei. Msimlaumu meneja wa benki kwa hilo, ingawa yapo mengine anayostahili kuulizwa.

Wapo pia wanaosahau kiasi kisichobadilika kinachoambatana na asilimia. Kampuni ya malipo ya mtandaoni ya Stripe, kwa mfano, kwa miaka mingi imetangaza nchini Marekani bei ya asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Kwa malipo ya dola 100 hiyo ni dola 3.20, lakini anayeuza kadi ya posta ya dola 3 anakatwa karibu senti 39, yaani takribani asilimia 13. Kwa ninyi mnaouza safari nzima, jambo hili ni dogo.

Kwenu ninyi, kubwa ni marejesho. Tuseme mgeni amelipa dola 2,000, makato yakiwa asilimia 3.5, nawe ukapokea 1,930. Akighairi ukamrudishia zote, unatoa 2,000 kamili, na zile 70 zimekwenda, kwa sababu watoa huduma wengi hawarudishi makato ya malipo ya awali. PayPal nayo ilichukua msimamo huo mwaka 2019. Ndiyo maana nashauri masharti ya kughairi yaseme wazi, kabla mgeni hajabonyeza kitufe cha kulipa, kwamba gharama za malipo hazirudishwi, na kwamba kadi itumike kwa amana ndogo, salio likija kwa njia ya benki.

Pingamizi ni zito zaidi. Mgeni hakujii wewe. Anakwenda kwa benki yake na kusema malipo hayo hayatambui, au huduma hakuipata. Fedha huondolewa kwenye akaunti yako, kisha inaongezwa ada ya pingamizi, ambayo kwa Stripe nchini Marekani ni dola 15. Muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120, na kwa huduma ambayo haikutolewa, siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ambayo mgeni alitarajia kuipata. Amana ya Februari kwa safari ya tarehe 10 Julai inaweza basi kupingwa hadi tarehe 7 Novemba, wakati fedha yenyewe imekwisha kulipia hema, magari na ada za hifadhi. Waliokuwa katika utalii mwaka 2020 wanaijua hali hii bila kuelezwa. Pingamizi nyingi, hata hivyo, hutokana na jambo la kipuuzi: mgeni anaifahamu kampuni kwa jina la tovuti, lakini taarifa ya benki yake inaonyesha jina lililosajiliwa, asilowahi kulisikia. Mwombeni mtoa huduma aandike jina ambalo mgeni analijua, na hifadhini barua pepe, masharti yaliyokubaliwa na sahihi ya mgeni siku ya kuwasili, maana huo ndio ushahidi mtakaotakiwa kuutoa.

Kuna ada za kila mwezi ambazo hazihitaji tukio lolote, na mojawapo ni ya adhabu. Mitandao mitano ya kadi iliunda mwaka 2006 baraza linalosimamia viwango vya usalama wa taarifa za kadi, viitwavyo PCI DSS, na mfanyabiashara hutakiwa kujaza dodoso la kujitathmini kila mwaka. Baadhi ya watoa huduma humtoza asiyelijaza, mwezi baada ya mwezi. Mwenye tovuti inayompeleka mgeni kulipia kwenye ukurasa wa lango la malipo kwa kawaida hujaza mojawapo ya madodoso mafupi, hivyo anayelipa adhabu hiyo anaulipia uvivu.

Mali bila daftari, mnajua wenyewe. Kila mwisho wa mwezi jumlisheni makato yote, pamoja na tofauti ya kubadilisha dola kuwa shilingi, kisha gawanyeni kwa jumla ya mauzo ya kadi. Asilimia mtakayoipata ndiyo bei halisi, na ndiyo ya kupeleka mezani mnapojadiliana. Kato lisiloonekana kwenye jedwali mlilotia sahihi lidaini kwa maandishi, mkitaja tarehe na kiasi. Kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, zipo Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na barua yenu ya kwanza ndiyo msingi wa lalamiko lolote litakalofuata. Aliyefungua akaunti kwa kampuni ya nje hana njia hiyo: asome kwenye mkataba kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika na mgogoro utasikilizwa wapi, na akisome kabla ya kupokea malipo ya kwanza.