Quit, kuacha na fundi wa Mwanjelwa

Asanteni, kaeni. Wa nyuma sogeeni huku, baridi hii ya Mbeya si ya kukaa mbalimbali.

Wanaonijua wanajua naanza na lile lile: quit ya Kiingereza si kujiuzulu! Nimelisema Tukuyu, nimelisema Iringa, na wiki hii nimesahihisha tafsiri ambamo mchuma chai "alijiuzulu". Mchuma chai anajiuzuluje? Anajiuzulu waziri, mwenyekiti, mtu aliyekalia cheo. Mchuma chai ameacha kazi, ameweka kikapu chini kaenda zake. Naona mkono umeinuliwa: je, Baba wa Taifa 1985? Yeye aling'atuka, na neno lenyewe alikuja nalo kutoka Kizanaki. Alimaliza zamu akawapisha wengine. Hilo ukiliita quit, msikilizaji atadhani alichoka akatupa funguo mezani.

Sasa ile ya fundi. Mmeisikia? Mtaisikia tena. Jirani yangu wa mtaa wa Mwanjelwa, fundi cherehani, aliletewa barua ya wakili wa mwenye nyumba, Kiingereza kitupu. Juu, herufi kubwa: NOTICE TO QUIT. Akampa mwanawe wa kidato cha pili. Kijana kasoma, kakuna kichwa.

"Baba, wanasema uache."

"Niache nini?"

"Hawajasema."

Mzee akawaza. Pombe alishaacha. Sigara havuti. Akaona basi ni kelele za cherehani usiku, akaacha kushona usiku. Mwezi mzima analala saa mbili, muungwana kabisa! Notisi ilipoisha, vitanda nje. Akanijia analia: "Mwalimu, mbona nimeacha na bado wananitoa?"

Msimcheke kijana. Kwetu kuacha kunadai kitu: ameacha shule, ameacha mke, ameacha pombe. Ukisema "ameacha" ukanyamaza, tunabaki tunakutazama mdomo. Mwingereza husema "he quit", akanyamaza, na wenzake mara nyingi wanaelewa ni kazi. Kwenye barua za wapangaji, neno limebaki na maana ya kuhama. Asili yake Kilatini, quietus, aliyetulia. Likapitia Kifaransa cha kale, huko likiwa na maana ya kumfungua mtu na deni. Ndiyo maana Waingereza waliokwisha kulipana husema wako quits. Sisi tungesema ngoma droo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mbiombio: kuacha kuvuta sigara ni quit smoking, si quit to smoke. Mwanafunzi anaona "kuvuta", anadhani kila ku- ni to. Mwambie daktari "I quit to smoke", ataelewa umeacha kazi upate nafasi ya kuvuta! Wakati uliopita ni quit vilevile. Quitted mtaikuta zaidi kwenye vitabu vya zamani vya Uingereza. Quit ya kwenye kompyuta niulizeni wakati wa chai.

Fundi? Alipata chumba Uyole. Mkataba wa Kiswahili, kausoma mwenyewe, mara mbili. Ndaga fijo, asanteni sana.