Noti Iliyochoka Ina Thamani Gani?

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Naona wengi mmebeba bahasha zenu, na swali mlilonalo nalijua: hii noti ni ya siku nyingi, je, ni mali?

Tazameni hii niliyoishika. Ni maki 1,000 za Reichsbank, iliyokuwa benki kuu ya Ujerumani, na tarehe yake ni 21 Aprili 1910. Ina zaidi ya miaka mia, lakini kwa wakusanyaji ni miongoni mwa noti za bei ya chini kabisa. Zilichapishwa kwa wingi mno, na ziliendelea kuchapishwa miaka kadhaa baadaye kwa tarehe ileile. Mfumuko wa bei ulipofika kileleni mwaka 1923, zikawa hazinunui kitu, zikabaki masandukuni mwa watu.

Ndiyo maana mimi siulizi kwanza noti ina miaka mingapi. Nauliza zimebaki ngapi, na wanaozitaka ni wangapi. Noti za thamani kubwa kwa kawaida hurudi benki zikateketezwa, kwani nani ataacha mshahara wake ulale kwenye droo? Zile ndogo hupita mikono mpaka zikawa matambara, wala hakuna anayekumbuka kuweka moja ingali mpya. Kwa hiyo noti ndogo iliyo safi inaweza kuwa adimu kuliko kubwa ya toleo lilelile, na noti iliyochakaa inaweza kuwa na bei nzuri endapo nzima hazipatikani.

Kabla ya yote, ijue noti yako: nani aliitoa, mwaka gani, imetiwa saini na nani. Noti mbili zinaweza kufanana kila kitu isipokuwa saini, na ile ya gavana aliyekaa muda mfupi ndiyo inayosakwa. Soma pia nambari. Marekani, kwa mfano, noti iliyochapishwa kuziba nafasi ya iliyoharibika kiwandani huwekewa nyota kwenye nambari yake, na wapo wanaokusanya hizo tu.

Sasa hali ya noti, na hapa naomba tusiharakishe. Zima taa ya juu, washa taa ndogo, mwanga upite kwa upande, karibu usawa wa karatasi. Utaona usichokiona mchana. Kuna mahali karatasi imepinda tu, na kuna mahali imekunjwa hadi nyuzi zake zikavunjika na wino ukatoka juu ya mstari. Hayo mawili hayalingani hata kidogo. Hesabu mikunjo. Kisha inua noti uitazame dhidi ya mwanga: matundu ya pini yatajitokeza kama nyota, na mpasuko mdogo wa ukingoni hautajificha.

Wakadiriaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70. Kuanzia 60 ni noti ambayo haijaingia kwenye mzunguko. Iliyotumika ikabaki nzuri sana, yenye mikunjo kadhaa lakini karatasi ingali na ugumu wake, hupewa 20 hadi 35. Noti nyingi za mifukoni ziko chini ya hapo, na zinaweza kukusanywa vilevile.

Linaloniuma ni hili. Niliwahi kuletewa noti adimu kweli, na mwenyewe alikuwa ameiosha na kuipiga pasi ili ipendeze. Nilipopitisha kidole juu yake sikuhisi kitu. Ule mwinuko wa wino ambao mashine huuacha kwenye karatasi ulikuwa umelala wote, rangi imepauka. Mikunjo yake ya awali ingesamehewa. Pasi haisameheki. Nawaombeni, msioshe, msifute maandishi ya penseli, msikate kingo, msizibe mpasuko kwa selotepu, maana gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Ihifadhini kwenye mfuko wa poliesta, siyo ya kitambaa bali ile plastiki angavu. Plastiki laini ya PVC huiharibu kadiri miaka inavyopita.

Kuhusu bei, tazameni zilizouzwa mnadani zikiwa katika hali kama ya yenu. Bei anayoitaja muuzaji ni matumaini yake tu.

Pale mezani kuna taa na kioo cha kukuzia. Tuanze na bahasha ya mama aliyekaa mbele. Mama, ishike noti kwa kingo, uilaze taratibu.